Kokoto za Hallsands



Huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, palikuwa na kitongoji cha wavuvi kilichojibanza chini ya genge, jina lake Hallsands. Sensa ya 1891 ilikuta nyumba 37 na watu 159, wengi wao wakiishi kwa kuvua kaa. Mbele ya milango yao ulitanda ufuo mpana wa kokoto, nao ndio uliokuwa ukiyavunja mawimbi kabla hayajafika kwenye kuta.

Mwaka 1897 jeshi la majini lilikuwa linapanua bandari yake ya Devonport, na zege lilitaka kokoto. Kampuni ya Sir John Jackson ikapewa kibali cha kuzichota baharini mbele ya Hallsands, hadi tani 1,600 kwa siku. Wenyeji hawakuulizwa. Ilidhaniwa kwamba bahari ingeleta nyingine. Haikuleta! Kokoto zile zilikuwa akiba ya maelfu ya miaka, tangu enzi ya barafu ilipokwisha, na hapakuwa na chanzo cha kuzirudisha. Wavuvi hawakuhitaji vipimo kulitambua hilo: ufuo ulikuwa ukishuka mbele ya macho yao.

Wakalalamika, mbunge wao Frank Mildmay akawasemea, na Januari 1902 kibali kikafutwa. Kwa hesabu ya mhandisi R. Hansford Worth, tani zipatazo 650,000 zilikuwa zimeshachotwa.

Zikajengwa kuta za kuzuia bahari. Zilisaidia kwa muda.

Januari 26, 1917, bamvua na dhoruba ya mashariki vikaja pamoja. Watu walikimbilia juu gizani, na hakuna aliyekufa. Lakini kesho yake usiku ilikuwa imesalia nyumba moja tu ya kukalika. Humo aliendelea kuishi Elizabeth Prettejohn, na kuku wake, hadi alipofariki mwaka 1964. Dhoruba ilikuwa ya Mungu, sawa. Shimo la baharini lilikuwa la kampuni, kwa idhini ya Serikali.

Kisa hiki si kigeni kwa wakazi wa Kunduchi, Dar es Salaam, walioona mchanga wa mito ukichimbwa huku bahari ikila ufuo wao. Kwa hiyo kamati za fukwe zinaombwa jambo moja: ombi la kuchota mchanga likifika mezani, mvuvi aitwe kwanza, na maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla mtu yeyote hajatia saini.