Nani Anabeba Dhamana ya Kiendeshi? Kompyuta Mpakato za Linux na Mnunuzi wa Afrika Mashariki



Nimeombwa nizungumzie kompyuta mpakato zinazouzwa zikiwa tayari na mfumo endeshi huria, hasa zile zinazowalenga watengeneza programu. Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni hili: kuna haja gani? Ubuntu, Fedora na Debian zinapakuliwa bure, na kuzisakinisha ni kazi ya muda mfupi. Ni kweli. Lakini anayenunua kompyuta ya namna hiyo halipii mfumo endeshi. Analipia kazi ya mhandisi aliyekaa na mashine ile kabla haijaingia dukani, akahakikisha Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inaona, na kwamba ukifunga kifuniko inalala, ukifungua inaamka. Kazi hiyo ikifanywa inavyotakiwa, inamfaa hata mtu ambaye hatanunua kompyuta mpya maishani mwake. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaieleza kwa mfano mmoja ninaoupenda.

Dell ilikuwa imeshaanza kuuza kompyuta chache zenye Ubuntu nchini Marekani mwezi Mei 2007, baada ya wateja kuishinikiza. Hatua kubwa ilikuja 2012. Barton George, mfanyakazi wa Dell, alipata wazo kutoka kwa Stephen O'Grady, mchambuzi wa kampuni ya RedMonk: kwa nini kusiwe na kompyuta mpakato iliyoandaliwa mahsusi kwa ajili ya watengeneza programu? George akalipeleka wazo hilo kwenye mfuko wa ubunifu wa ndani ya kampuni, akapewa dola 40,000 na miezi sita ya kulijaribu. Mradi ukaitwa Sputnik. Wakachagua XPS 13, mashine nyembamba iliyokuwa sokoni tayari na Windows, na wakafanya kazi pamoja na Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Kwa kampuni kubwa kama ile, dola 40,000 ni hela ndogo sana. Zilitosha kwa sababu mashine ilikuwepo na programu zilikuwepo. Kilichopungua kilikuwa viungo vya katikati. Kimojawapo kilikuwa kiendeshi cha padi ya mguso, yaani programu inayouwezesha mfumo kukielewa kifaa hicho. XPS 13 ilitumia padi ya kampuni ya Cypress, na Linux haikuijua. Iliichukulia kama kipanya cha zamani: kielekezi kilisogea, lakini vidole viwili havikuweza kusogeza ukurasa, na mfumo haukuweza kutofautisha kidole cha mtu anayeelekeza na kiganja cha mtu anayechapa. Anayeandika barua anaweza kuvumilia. Anayeandika msimbo anajikuta mstari wa hamsini umeingia katikati ya mstari wa thelathini, na hajui umefikaje huko. Wahandisi wa Cypress na wa Canonical wakaandika kiendeshi cha padi ile, na mwaka 2013 kikaingizwa katika kerneli kuu ya Linux.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito wa mada yangu. Kerneli ya Linux inatolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Kiendeshi kikishaingia kwenye kerneli kuu, kinasambaa kwenye Ubuntu, Fedora, Debian, na kila mfumo unaochota hapo. Mmarekani aliyelipa dola 1,549 kununua XPS 13 ya Sputnik ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2012 alichangia, ajue asijue, kwa mtu atakayeinunua XPS 13 kama ile ikiwa ya mtumba miaka mingi baadaye, hata kama ilitoka kiwandani na Windows. Mashine huchakaa, lakini kiendeshi kinabaki. Sijui soko lingine la vifaa ambamo mnunuzi wa kwanza humwachia mnunuzi wa tatu faida ya aina hii.

Jambo la pili lililotokana na kampuni kubwa kuingia katika biashara hii ni masasisho ya programu dhibiti. Zamani ukitaka kusasisha BIOS, mtengenezaji alikupa faili linalofanya kazi ndani ya Windows tu, na mtu wa Linux alilazimika kuazima mfumo mwingine ili kuziba tundu la usalama kwenye mashine yake mwenyewe. Richard Hughes wa Red Hat alianzisha huduma ya LVFS, ambako watengenezaji huweka masasisho yao, pamoja na programu ya fwupd inayoyachota kutoka huko. Dell ilijiunga mapema, na Lenovo ikatangaza kujiunga 2018. Leo, kwa mashine zinazohusika, unaandika fwupdmgr update kwenye terminali, kazi imekwisha.

Lakini nembo ya kuthibitishwa kwa Linux peke yake haitoshi. Mwaka 2022 Dell ilitoa XPS 13 Plus iliyothibitishwa kwa Ubuntu 22.04. Kamera yake ilitumia teknolojia ya Intel iitwayo IPU6, na kiendeshi chake hakikuwa kwenye kerneli kuu. Kilikuja ndani ya mfumo uliosakinishwa na muuzaji. Mtu aliyefuta mfumo ule akaweka Fedora au Debian alibaki na kamera isiyoona kitu. Sehemu ya kiendeshi hicho iliingia kwenye kerneli kuu toleo la 6.10, mwaka 2024. Kwa mtazamo wangu, muuzaji wa Linux apimwe kwa hili kuliko kwa kitu kingine chochote: je, kazi yake anaipeleka kwenye kerneli kuu, au anaiacha kwenye mashine zake tu?

Wauzaji wengine nitawapitia haraka. System76 ya Denver, Marekani, imekuwa kwenye biashara hii tangu 2005, na mwaka 2017 ikatoa mfumo wake, Pop!_OS. Ujerumani kuna Tuxedo ya Augsburg. Lenovo ilianza kuuza ThinkPad X1 Carbon yenye Fedora mwaka 2020. HP ilitoa Dev One mwaka 2022 kwa dola 1,099, ikiwa na Pop!_OS, lakini iliuzwa Marekani tu. Framework, tangu 2021, inauza kompyuta unayoweza kuifungua na kubadilisha vipande vyake vingi, na ukitaka unaichukua bila mfumo wowote.

Sasa tuje kwetu. Ukiingia duka la Kariakoo, Dar es Salaam, au la Luthuli Avenue, Nairobi, itakuwa bahati kukutana na mashine hizo. Utakuta aina mbili. Ya kwanza ni kompyuta mpya iliyoandikwa kwenye boksi kwamba ina FreeDOS. Huo nao ni mfumo huria. Jim Hall aliuanzisha 1994 na ni kazi ya kuheshimika. Lakini mtengenezaji ameuweka ili asilipie leseni ya Windows. Mara nyingi hakuna aliyepima kama Linux inaelewana na kadi ya Wi-Fi iliyomo. Kinachofuata tunakijua: kijana wa dukani anachomeka flashi yake na kuweka Windows iliyochakachuliwa, pamoja na programu ya kuvunja leseni ambayo hakuna ajuaye imebeba nini ndani. Mwanafunzi anaanza safari yake ya uandishi wa programu juu ya mashine ambayo hawezi kuiamini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu bei ile ile ingeweza kumpa mfumo safi, halali, unaofanana na ule uliopo kwenye seva atakazozihudumia kazini.

Wapo watakaosema Windows yenyewe sasa ina Linux ndani yake. Ni kweli, WSL (Windows Subsystem for Linux) ipo tangu 2016, na toleo la pili linatumia kerneli halisi ya Linux. Ila linaiendesha ndani ya mashine pepe, na mashine pepe inakula kumbukumbu. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4 au 8, ukifungua kivinjari, kihariri na makontena mawili ya Docker, utaona tofauti mara moja. Kwenye Linux, makontena yanatumia kerneli iliyopo, hakuna mashine ya pili inayolishwa.

Aina ya pili ya kompyuta dukani ni za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani au Dubai: Latitude, ThinkPad, EliteBook. Kwa mtengeneza programu anayeanza, hapa ndipo ninapomshauri aelekee. Modeli nyingi za familia hizi zimo kwenye orodha ya Canonical ya mashine zilizothibitishwa kwa Ubuntu, na orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Microsoft nayo ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11 ingawa chuma chake bado ni kizima.

Kabla ya kutoa hela, nenda dukani na flashi yenye Ubuntu na uwashe kompyuta kutoka humo bila kugusa diski. Unganisha Wi-Fi. Piga muziki. Fungua kamera. Funga kifuniko, subiri dakika tano, fungua. Kisha ingia /sys/class/power_supply/BAT0 na usome mafaili mawili, energy_full na energy_full_design. Kwenye baadhi ya mashine yameandikwa charge badala ya energy. La pili ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, la kwanza ni uwezo uliobaki. Ukikuta uliobaki haufiki nusu, bei ya betri mpya iingie kwenye mazungumzo yako na muuzaji. Andika pia cat /sys/power/mem_sleep. Ukiona s2idle peke yake bila neno deep, jua usingizi wa mashine hiyo ni mwepesi, na huenda ukaikuta asubuhi imemaliza chaji ndani ya begi.

Kwa walimu na maofisa ununuzi mliopo hapa nina ombi moja mahsusi. Mnapoandika vigezo vya zabuni ya maabara ya kompyuta, msiishie kwenye prosesa, RAM na diski. Ongezeni sharti kwamba modeli iwe imethibitishwa kwa Ubuntu na viendeshi vyake viwe kwenye kerneli kuu, hata kama maabara itaanza na Windows. Muuzaji atajibu kwa jina la modeli, nanyi mtalihakiki wenyewe kabla ya kusaini.

Mchana tutazipima mashine mlizokuja nazo kwa programu ya hw-probe. Matokeo ya kila modeli tutayatuma kwenye hifadhidata ya Linux Hardware, ili anayetafuta modeli hiyo hiyo Mwanza, Kisumu au Bujumbura aone kipi kilifanya kazi na kipi kilikataa. Walio na mashine zenye FreeDOS waje mbele kwanza.