Kunyonyoka Nywele kwa Wanawake: Kilicho cha Kawaida, Kilichozidi, na Kinachoanzia Kwenye Kiti cha Saluni

Ndugu mwenyekiti, ndugu waganga wa zahanati na vituo vya afya, na ninyi wasusi mliofunga saluni leo ili mje kutusikiliza:

Waandaaji wameniomba nianze na maana, nami nitaanza nayo, ingawa humu ukumbini hakuna asiyeijua. Kichwa kina nywele zipatazo laki moja. Kila unywele huota kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hutoka kupisha mwingine. Kwa hiyo kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Aliyesuka rasta hazioni zikidondoka kwa kuwa zimenaswa ndani ya msuko. Akifumua baada ya wiki sita anashika fundo la nywele elfu mbili au zaidi, anakimbilia kwako akilia. Muulize kwanza amefumua lini.

Kuzidi kuna sura kadhaa, nazo nitazipitia haraka. Anayenyonyoka kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kukonda ghafla, kwa kawaida hurudi hali yake ndani ya miezi sita hadi mwaka. Mpimeni wingi wa damu na, pakiwa na dalili, tezi ya shingo. Ambaye mstari wa kuchania unazidi kupanuka mwaka hadi mwaka, mara nyingi ni mambo ya kurithi. Mapunye mnayajua. Upara unaoanzia utosini, ngozi ikawa laini na kung'aa, ni kovu, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye hali hiyo wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3. Tusiwabebeshe wasusi kila kichwa chenye upara.

Natanguliza hilo kwa sababu yaliyobaki yanawahusu wao, na mada hii haikusudii kulaumu kada yoyote.

Tatizo langu ni kingo za mbele: paji la uso na pembeni mwa masikio. Nywele zikivutwa kwa muda mrefu, mzizi huvimba, hulegea, na mwisho hufa. Jambo hili si geni wala si la Waafrika peke yao. Mwaka 1907 liliandikwa kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza. Karibu nasi zaidi, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichunguza vichwa mjini Cape Town. Kwa wanawake wazima walilikuta kwa karibu mmoja kati ya watatu, na kwa wasichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari kwa zaidi ya mmoja kati ya watano. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha.

Mnaijua picha yake. Binti anavua kitambaa, nyusi zimepanda kama mtu aliyeshtuka, na kwenye mstari wa kwanza wa twende kilioni kuna vipele vidogo vyenye usaha, kila kimoja kwenye shina la msuko. Usiku hakulala. Ameshameza Panadol mbili na kuambiwa atazoea. Huyo bado anaokoka: fumua leo, tibu vipele, pumzisha kingo, nywele zitarudi. Anayekuja baada ya miaka kumi hana tena vipele wala maumivu. Ana ngozi tupu, na mbele yake umebaki ukingo mwembamba wa malaika ambayo yalikuwa mafupi mno kushikwa na vidole vya msusi. Kwa huyo minoksidili husaidia kidogo, pengine isisaidie kabisa, na bado kuna mtu atamuuzia mafuta ya kuotesha.

Kwa nini tunaendelea kumpokea huyu wa pili? Kwa miaka tumebandika mabango yanayosema "epuka misuko ya kubana". Bango halijui bei ya rasta. Mteja amelipa fedha nyingi, amekaa kitini toka asubuhi, anataka msuko udumu hadi mwisho wa mwezi ujao. Uliobanwa ndio unaodumu. Msusi anayelegeza huambiwa hajui kazi, na wiki ya pili mteja amehamia saluni ya jirani. Nimewasikia wasusi wakilieleza hili vizuri kuliko daktari yeyote, ila hakuna aliyewahi kuwaalika kulieleza kwenye kikao kama hiki. Na ukaguzi wa saluni ninaoujua mimi hutazama vitana, taulo na leseni.

Mapendekezo yangu, kwa idhini ya mwenyekiti, ni haya. Mstari wa mbele uanze upana wa kidole nyuma ya ukingo, malaika yaachwe. Mstari huo ufumuliwe baada ya wiki mbili tatu, nyuma kubaki, na bei yake itajwe tangu mwanzo ili mteja asidai mbele idumu sawa na nyuma. Aliyetiwa dawa asisukwe wiki hiyo hiyo. Msuko unaouma ulegezwe palepale, mteja akiwa kitini. Mizigo mirefu ya rasta isiwekwe mbele. Gundi ya wigi isipakwe kwenye nywele za ukingo. Waganga, mgonjwa akija kwa kichwa kumuuma, mvueni kitambaa kabla ya kuandika dawa. VETA na vyuo vingine vya ususi waombwe kupima uzito wa mkono kwenye mtihani wa vitendo. Wakaguzi waongeze swali moja kuhusu kubana, na narudia, malaika yaachwe.

Tena, msusi anaiona ngozi ya kichwa cha mteja wake miaka mingi kabla yangu. Apewe karatasi ya rufaa inayopokelewa zahanati, mteja asianze upya foleni na maelezo. Karatasi hiyo ni gharama ya kuchapa tu. Nimeshaambiwa itafutiwe kifungu katika bajeti ijayo, nami naomba safari hii iandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na cheo cha atakayeifuatilia.