Kutulia Si Badala ya Dawa

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi wa dayosisi na wajumbe wa kamati za sharika za Masasi na Newala)



Tumezoea kusema kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Lakini hapa Masasi, na kule juu Newala, tunao wagonjwa sharikani. Wengi wana kisukari cha aina ya pili, ambapo mwili hautumii vizuri insulini yake. Ni kazi ya kila siku: vidonge, chakula, mazoezi, kupima. Mgonjwa huchoka, na akichoka huacha.

Jambo tunalolisahau ni mawazo. Mtu anaposubiri malipo ya korosho huku anadaiwa, mwili hutoa homoni za msongo, nazo husababisha ini kumwaga sukari kwenye damu. Anaweza kula vizuri na sukari bado ikapanda.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya kutuliza akili kwa wenye maradhi ya muda mrefu. Namna yake ni rahisi. Keti, nyayo chini, fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakikimbilia ghalani, yarudishe bila kujilaumu. Dakika 10 zatosha kuanzia. Tafiti zimeonyesha kuwa msongo hupungua kwa wagonjwa wa kisukari. Sukari nayo hushuka kidogo kwa baadhi, si kwa wote.

Utulivu huo tuupeleke mezani: ugali wa muhogo uliwe polepole, mtu atambue ameshiba kabla ya kuongeza. Tuupeleke na miguuni: nyayo zikaguliwe kila jioni, maana ganzi huficha kidonda.

Tuseme wazi: mtu asiache metformini wala insulini kwa sababu ametulia au ameombewa. Na akitokwa jasho na kutetemeka, asidhani ni wasiwasi tu. Huenda sukari imeshuka. Apewe kitu chenye sukari mara moja, kisha afikishwe kituo cha afya.

Tunaomba kila kamati itenge chumba na nusu saa kwa wiki, wagonjwa wa dini zote waketi pamoja na mhudumu wa afya. Kwa wafadhili: kutulia hakuna gharama, kupima kuna gharama. Tusaidieni mashine na vijiti vya kupimia sukari, maana bila kipimo hatutajua kama tunasaidia.