Hesabu ya Muguka
Hotuba ya mjumbe wa kamati ya fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu



Mliofungua ukurasa wa bajeti mmeona mstari mpya: chumba cha ushauri nasaha katika zahanati. Nimesikia minong'ono tangu jana. Kuna wanaouliza kwa nini fedha za paa la darasa zigawiwe wala muguka, watu waliojitakia. Mimi ni mhasibu, si daktari, lakini mstari huo niliuandika mimi, kwa hiyo ni haki yangu kuulizwa.

Nianze na nafsi yangu. Nilipokuwa nasomea mitihani ya uhasibu nilikula miraa, na si mara moja. Usiku nilijiona mwerevu kuliko mwalimu. Asubuhi moja niliingia katika chumba cha mtihani mkono unatetemeka, nimesoma kurasa mia na sikumbuki hata kumi. Mtihani ule nilianguka. Baba aliambiwa nilikuwa na malaria.

Miraa na muguka ni mti mmoja. Ile ya Meru hutafunwa vijiti na maganda yake. Muguka wa Embu, hasa upande wa Mbeere, hutafunwa majani. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Kathinoni haikai: siku mbili baada ya kuchumwa huwa imepungua nguvu sana. Ndiyo maana magari yale yanakimbia usiku kucha kama yamebeba mgonjwa.

Kathinoni huamsha mwili. Moyo huenda mbio, presha hupanda, njaa hukatika, usingizi hukimbia. Kwa kijana mwenye afya, akila mara mojamoja, huenda yakaishia hapo. Lakini kwa mzee mwenye presha asiyejua kama anayo, ni hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayekula kila siku hufunga choo, tumbo humuuma, meno na fizi huharibika, na bigijii ile ya sukari inazidisha. Mama mjamzito anayetafuna yumo katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Tena muguka hauji peke yake. Huja na sigara, na usiku, usingizi ukikataa, huja vidonge vya kulazimisha usingizi, vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari. Mimi hivyo vidonge naviogopa kuliko jani lenyewe.

Halafu kuna akili. Shirika la Afya Duniani, mwaka 1980, liliitia miraa katika orodha ya vitu vinavyoweza kumfanya mtu awe mtumwa wake, ingawa si kwa kiasi cha pombe au tumbaku. Wengi wanaotafuna hawapati wazimu, na tusiwatishe watoto kwa uongo, maana wakigundua hawatatusikiliza tena. Lakini anayekula sana, halali, hali, huweza kuanza kusikia sauti na kuwashuku watu wake.

Mpwa wangu alikuwa mwendesha bodaboda hapahapa. Mwaka juzi alianza kumwambia mama yake kwamba anamtilia sumu katika chai. Dada yangu alimpeleka kwa mganga, kisha kwa shehe, kisha kwa mchungaji, na miezi minne ikapita. Tulipompata daktari wa akili alituuliza swali moja tu: analala saa ngapi? Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sasa yuko nyumbani, anatumia dawa, na ananisalimu kwa jina. Lakini pikipiki iliuzwa kulipia nauli na matibabu.

Mtasema serikali ipige marufuku. Ilijaribiwa. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka. Viongozi wa Embu wakaenda Ikulu, Rais akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na mahakama ikasimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Uingereza walipiga marufuku miraa mwaka 2014, na Tanzania, jirani zetu, mirungi ni kosa la jinai. Mimi sibezi sheria, na kumuuzia mtoto wa shule ningependa kuone kunafungwa kabisa. Lakini mkulima wa Mbeere naye analipa karo kwa jani hilo. Hata hapa, dada yetu mmoja, nami namheshimu, aliniambia meza yake ya muguka ndiyo iliyomfikisha binti yake chuo. Sikuwa na jibu la kumpa. Hiyo kesi wakubwa wataendelea nayo. Sisi tuna zahanati.

Sasa hesabu, kazi niliyosomea. Nilikaa maskani na kijana mmoja tukaandika matumizi yake: muguka, bigijii, njugu, soda. Ilitoka shilingi 150 kwa siku, na alisema hiyo ni siku ya kawaida. Kwa mwaka ni shilingi 54,750. Tulikuwa watu kumi na watatu pale barazani. Nikijitoa mimi, tukisema wote wanatumia kama yeye, ni shilingi 657,000. Harambee yetu ya mwaka jana ilileta 412,000.

Tunachoomba ni kidogo. Mashine mbili za kupimia presha, moja ibaki zahanati, moja ipelekwe maskani na kwenye mashamba ya chumvi siku ya Jumamosi. Posho ya mshauri, siku mbili kwa wiki. Mafunzo kwa wahudumu wa afya wa kijiji, wajue kuuliza swali lile la usingizi kabla miezi minne haijapita. Chumba kipo tayari, ni ile stoo ya zamani. Inataka mlango na rangi. Mlango uwe upande wa nyuma, vijana wenyewe wameomba hivyo. Asiyetaka kuonekana apige simu 1192 ya NACADA, hailipiwi.

Paa la darasa halijaguswa, liko mstari wa tatu.

Mhazini anapita na daftari kuanzia safu ya mbele. Mimi nimeandika 54,750.