Pima Kwanza, Kasha Baadaye

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, yaliyosomwa na Afisa Elimu

Kila mmoja awe na daftari, kalamu na rula. Kama rula hakuna, futi ya fundi cherehani yafaa vile vile.

Leo tunazungumza juu ya kasha la kompyuta ya mezani. Labda mtu atasema, "Kasha ni bati tu, lina maneno gani?" Ndugu zangu, bati hilo lina maneno mengi. Mimi mwenyewe lilinifundisha.

Ilikuwa hivi. Kikundi kimoja cha kina mama washonaji hapa Kariakoo, wanafunzi wa kisomo, kilichanga fedha ili kipate kompyuta ya kuwekea hesabu zao na kuchapa risiti. Kompyuta mpya iliyokamilika ilishinda mfuko wao. Basi tukapatana kununua kipande kimoja kimoja, kisha fundi avifunge pamoja. Kazi ya kununua kasha nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeitwa msomi.

Nilizunguka madukani, nikaona kasha dogo zuri lenye kioo ubavuni. Nikalipa, nikalichukua. Fundi alipojaribu kuweka vyombo ndani, ubao mkuu ulikataa kuingia. Nilirudi dukani na kasha langu. Muuzaji, kwa adabu kabisa, alinionyesha maandishi ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Je, muuzaji alinidanganya? Hapana, hakunidanganya hata kidogo. Niliporudi kwa kina mama, mmoja wao, aliyejifunza kusoma mwaka uliotangulia, aliichukua ile katoni akaigeuza ubavu. Akasoma polepole, herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Mwalimu, mbona hapa pameandikwa?" Ni kweli, palikuwa pameandikwa. Mimi mwenye stashahada sikusoma, naye akasoma. Fedha ile nililipa kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa mchango wa watu si wa kuchezea.

Sasa tuandike vile vipimo ambavyo sikuviangalia.

Kipimo cha kwanza ni cha ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Huu ndio ubao mpana unaoshika vyombo vingine vyote. Viwanda vimekubaliana ukubwa wa namna tatu zinazopatikana sana. Ubao wa ATX, ulioanza mwaka 1995, una milimita 305 kwa 244. Ubao wa Micro-ATX una milimita 244 kwa 244. Ubao wa Mini-ITX una milimita 170 kwa 170. Kasha kubwa la kawaida hupokea na ubao mdogo, kwa maana matundu ya skrubu hulingana. Lakini kasha dogo halipokei ubao mkubwa. Ubao wetu ulikuwa Micro-ATX, na kasha nililonunua lilikuwa la Mini-ITX. Toeni 170 katika 244. Jibu ni 74. Milimita 74 ndizo zilizonitia aibu.

Kipimo cha pili ni cha chombo cha umeme, kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Chombo cha kawaida cha ATX kina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Urefu wake hubadilika. Vingi vina milimita 140 au zaidi. Makasha madogo sana hutaka chombo cha namna nyingine kiitwacho SFX, ambacho ni kidogo zaidi. Tena angalieni nyuma: vyombo vingine vya zamani vina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Ukiiacha kwenye 115 na kuwasha, chombo kitaungua.

Kipimo cha tatu ni kimo cha kipozeo, yaani feni na bati lake vinavyokaa juu ya prosesa. Feni fupi inayouzwa pamoja na prosesa haifiki milimita 100, nayo haina taabu. Lakini vipo vipozeo virefu kama mnara vyenye milimita 155 au 160. Hicho kikizidi nafasi ya kasha, mlango wa ubavuni hautafungika.

Kipimo cha nne ni urefu wa kadi ya picha. Mwenye kazi ya hesabu na barua mara nyingi haihitaji. Mwenye kazi ya kuhariri picha za sinema huihitaji, na kadi nyingine hupita milimita 300. Basi na apime kabla ya kulipa.

Baada ya vipimo vinne, fikirini juu ya hewa. Dar es Salaam ni mji wa joto, na upepo wa bahari una unyevu na chumvi. Kariakoo nayo ina vumbi la watu na magari tangu alfajiri mpaka usiku. Kwa hiyo chagueni kasha lenye matundu mbele ya kuingiza hewa baridi, na feni nyuma ya kutoa hewa ya moto. Likiwa na chujio la vumbi linalotoka na kuoshwa, ni bora zaidi. Kioo kitupu mbele ni pambo, lakini huziba pumzi. Na kompyuta ikiisha kufungwa, msiisukume ikagusa ukuta.

Neno moja juu ya makasha yaliyotumika. Baadhi ya kompyuta za maofisini, kama zile za Dell na HP, zilitengenezwa kwa vipimo vya kiwanda chenyewe. Ni imara, lakini kasha lake tupu laweza kukataa ubao wa kawaida na hata chombo cha umeme cha kawaida. Ulizeni fundi kwanza. Kuuliza si ujinga.

Na fundi anapofunga ubao, mwangalieni kwa jambo moja. Chini ya ubao huwekwa vijiguu vidogo vya chuma. Kila kijiguu kiwe chini ya tundu la skrubu. Kikibaki kimoja mahali pasipo na tundu, chaweza kugusa njia za umeme na kuharibu ubao mzima.

Wale kina mama walikwendaje mwisho? Safari ya pili tulikwenda wote. Waliandika vipimo kwenye karatasi, wakachukua futi yao ya kazi. Muuzaji alipotaja kasha, walisoma katoni kwanza, kisha wakapima. Kasha la tatu lilifaa: la bati jeusi, halina kioo, na bei yake ilikuwa chini ya lile langu la urembo. Ubao uliingia bila kulazimishwa.

Ndugu wasikilizaji, fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. Nanyi msinunue kasha kabla ya kujua litavikwa nini. Elimu mnayoipata hapa, ya kusoma neno na kujumlisha namba, ndiyo inayolinda fedha yenu dukani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kasha hununuliwa baada ya kujua vipimo vya vyombo vingine?
2. Kasha lina nafasi ya kipozeo ya milimita 148. Kipozeo kina milimita 155. Je, kitaingia? Kimezidi kwa milimita ngapi?
3. Chukueni katoni yoyote iliyo nyumbani. Someni vipimo vilivyoandikwa, kisha pimeni wenyewe mwone kama ni kweli.