UPINDE HAUTAKI HARAKA
(Maneno ya kikundi cha vijana katika mkutano wa wanachama)



Tunaanza na makosa yetu. Upinde wa kwanza tuliuchonga pande zote. Ulipovutwa, ukavunjika paa! Wa pili tuliuchonga ukiwa mbichi. Ukabaki umepinda, mshale hauendi. Ndipo tukawarudia wazee.

Wazee wakasema hivi: Kata mkole ulionyooka, usio na fundo. Ganda litoke, mti ukae kivulini majuma kadhaa, jua litaupasua. Upande utakaotazama shabaha usiguswe na panga, maana nyuzi za mti zikikatwa hapo, upinde umekwisha. Chonga ule unaokutazama wewe tu. Katikati pawe panene pa kushika, ncha zipungue. Kisha vuta kidogo, tazama, chonga kidogo. Upande mmoja ukikataa kupinda, punguza huo huo. Upote usokotwe kwa kano za ng'ombe. Na usiachie upote bila mshale, upinde utapasuka.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa pinde. Sisi hatuwindi, maana Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Tunalenga gunia la majani.

Ndugu, wanaoijua kazi hii hapa kijijini wamebaki wawili, na mmoja macho yamechoka. Tukingoja, tutamwuliza nani? Jumamosi kila nyumba ilete kijana mmoja na kisu chenye makali.