Hesabu ya Examen d'État hainunuliwi, inafundishwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wenye walimaliza univ, Kadutu, Bukavu)

Asanteni kwa kuacha kazi zenu za siku ya posho na kupanda mpaka hapa. Najua kuko wenye walitoka Bagira kwa miguu.

Nitaanza na mimi mwenyewe. Niko na miaka 25, niko na diploma ya univ, na sina kazi. Kila asubuhi nasema ku nyumba kama naenda kuweka dosie. Dosie zangu zimejaa mu ofisi za watu. Njo maana, wakati mama mmoja jirani alinileta binti yake finalisti, akaniomba nimusaidie mu hesabu, nilikubali juu nilikuwa na saa nyingi ya bure. Haikuwa juu ya moyo mzuri, nisiwadanganye. Leo watoto wale wamefika kumi na wane. Nimekuja kuwaambia kile nilijifunza pale, kisha niwaombe kitu kimoja.

Examen d'État wote tunaijua. Siku nne, maswali ya kuchagua jibu kati ya asersio, na unapata 50 kwa mia ao hupate. Siku matokeo inatoka tunamwanga poda mu vichwa, barabara inakuwa nyeupe. Mwenye hakupita anajifungia mu chumba. Na kila mwaka, mbele ya hizo siku nne, kuko watu wenye wanapita kwa wazazi: "Toeni kitu, mtoto asaidiwe." Yule mama jirani pia walimufikia. Pesa yenye walitaka, hana. Kitu cha bei chenye iko nacho ni mashini ya kushona, na ile mashini njo inalisha nyumba.

Akaniuliza: "Mtoto wangu, niuze ao nisiuze?" Nikamwambia: "Mama, usiuze." Usiku ule sikulala. Juu kama binti anaanguka, neno langu njo litakuwa limemwangusha.

Basi nikaanza kufundisha vile mimi nilifundishwa. Nikaandika limite ku tablo, wakakopia. Nikaandika derive, wakakopia. Kaye zikajaa vizuri. Nilipouliza swali, kimya. Nikakasirika, nikasema hawa watoto hawasome.

Siku ingine nikaacha limite. Nikawapa maswali mane ya dakika kumi na tano, maswali ya watoto wadogo wa sekondari. Moja lilikuwa 2/3 + 1/4. Wengi waliandika 3/7. Lingine lilikuwa (a + b)². Karibu wote waliandika a² + b². Wandugu, wale ni wafinalisti! Njo nikaelewa. Mtoto anaitwa mjinga mu limite, kumbe anaangukia ku fraksio. Shimo haliko mu kalasi ya mwisho. Liko nyuma sana, na hakuna mtu alirudi kulifunika.

Lilitoka wapi? Katiba yetu, artikle 43, inasema masomo ya msingi mu shule za serikali ni bure, na tangu 2019 walianza kuitumikisha. Ni vizuri, tuliidai. Lakini kalasi zilijaa mpaka mwalimu hawezi tena kutazama kaye ya kila mtoto. Na mu sekondari minervali ingali. Mtoto anafukuzwa wiki mbili juu ya minervali, anarudi, profu amekwisha kuvuka ile shapitre. Vita nayo ilichukua wiki zake. Na hesabu inapandana kama nyumba zetu za hapa Kadutu, moja juu ya ingine ku mlima. Ya chini ikiteleza, ya juu inaifuata.

Sasa niwaonyeshe namna tunafanya, juu muone kama haiko uchawi.

Kwanza, kila sheria tunaijaribu na namba. Ukisema (a + b)² ni a² + b², weka 3 na 4. Saba mara saba ni 49. Lakini 9 + 16 ni 25. Sheria yako ni ya uongo, na hakuna profu alikuambia, umejionea mwenyewe. Kisha tunachora karé yenye upande wa 3 + 4, na wanaona vile vipande viwili vya 3 mara 4 walikuwa wanavisahau. 25 na 24 inarudisha 49. Hawatasahau tena.

Pili, limite. Wanafunzi wanapenda kanuni ya L'Hospital kama motari anapenda mteremko. Niliwapa (x + 3)/(x + 1), x ikienda ku 1. Wengi wakakimbilia L'Hospital: derive ya juu 1, derive ya chini 1, jibu 1. Uongo. Weka tu 1 fasi ya x: ine kugawa mbili, jibu 2. Imekwisha. Na mwenye anatunga maswali anajua makosa yetu: anaweza kuweka ile 1 kati ya asersio, inakungojea. Basi mu grupu yetu tunasema hivi: mbele ya kupeleka mtu hospitali, tazama kwanza kama anagonjwa. Ugonjwa wenyewe ni 0/0, ao enfini juu ya enfini. (x² − 4)/(x − 2), x ikienda ku 2, huyo ni mgonjwa kweli. Lakini hata huyu anapona ku nyumba: x² − 4 ni (x − 2)(x + 2), unaondoa x − 2, inabakia x + 2, jibu 4.

Tatu, derive. Nilimwomba yule binti aniambie derive ni nini. Akanisomea formule bila kukosa. Nikamuuliza tena: ni nini? Akanyamaza. Tukatoka inje. Nikamwonyesha njia ya kupanda: hapa mlima ni mkali, pale ni kidogo, pale ku kichwa ni sawa kabisa. Derive ni ule ukali wa mlima fasi unasimamisha mguu. Ku kichwa ukali ni sifuri. Basi tukachukua mama wa sombe, mfano tu. Akiweka bakuli ku bei ya x mia za franka, anauza bakuli 20 − 2x. Pesa yake ni 20x − 2x². Derive ni 20 − 4x. Inakuwa sifuri x ikiwa 5. Bei ni franka 500, bakuli kumi, franka 5.000. Jaribu 400: bakuli kumi na mbili, 4.800. Jaribu 600: bakuli nane, 4.800 tena. Mtoto mmoja akasema: "Kumbe hii kitu iko na kazi!" Ile siku nilirudi ku nyumba nikiwa na furaha kuliko siku ya kolasio yangu.

Na kuhesabu uchaguzi pia. Tukiwa kumi, tunatuma watu watatu kupeleka barua ku meri, kuko namna 120 za kuwachagua. Tukichagua prezida, sekretere na mwenye kutunza pesa, ni 10 × 9 × 8, namna 720. Tofauti iko wapi? Ku barua, kupangana kwao hakubadilishe kitu. Ku komite kunabadilisha. Ukiwauliza "kupangana kunabadilisha kitu?", wanachagua formule wao wenyewe.

Maswali ya miaka ya nyuma tunayafanya ku mwisho, na saa ku meza. Mwenye anakisia kati ya asersio tano, mu maswali 20 atapata mane hivi. Hesabu haijue artikle 15.

Najua kuko mwenye atasema: tunafanya kazi ya serikali bure. Ndugu, tutaendelea kuidai serikali: mishahara ya walimu, kalasi, na mwisho wa hizo pesa za chini ya meza. Hatuachi hata moja. Lakini finalisti wa mwaka huu hatangoja mpaka tushinde. Na mtoto mwenye anajua kujibu, hakuna mtu atamuuzia jibu. Hii pia ni mapambano.

Ombi langu: kila mmoja wetu mwenye alisoma hesabu, achukue watoto watano, masaa mawili kwa wiki, bila kuomba hata franka moja. Aanze na kutafuta shimo. Chaki iwe mu mkono wa mwanafunzi, wewe ukae. Muachane mbele ya giza, juu ya wasichana. Wenye wako na tablo ya zamani, ao fasi yenye iko na mwangaza, wajiandikishe hapa mbele ya kutoka. Na kama hukumbuke tena derive, kuja, tutarudilia pamoja. Mimi pia nilikuwa nimesahau.

Examen bado. Sijui kama binti atapita. Posho iliyopita alisimama ku tablo, akafundisha wenzake ile limite ya x² − 4, na hakunitazama hata mara moja. Na jioni nikipita mbele ya nyumba yao, ninasikia mashini ya kushona. Ingali pale.